Kanula ya Mtoto: Kushika Bila Kuficha

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Tabora ukiongoza nchi nzima kwa malaria ya watoto. Kati ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani humo, asilimia 23 walikuwa na vimelea. Kitaifa ilikuwa asilimia 8. Takwimu hiyo ina sura yake wodini. Mtoto wa Chemchem, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Tabora, akishikwa na degedege usiku, wazazi humkimbiza Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wa Kaliua, Sikonge au Uyui hufika huko baada ya kupitia zahanati na kituo cha afya, pengine amepoteza fahamu, damu imepungua na sukari imeshuka. Popote atakapopokelewa, mtoto huyu atatafutiwa mshipa, ili dawa ipite, sukari ipite, damu ipite.

Namna ya kuupata mshipa huo hufundishwa kwa bidii vyuoni, na nesi au daktari anayeupata kwa mtoto aliyevimba mikono husifiwa na wenzake, na anastahili. Yanayofuata baada ya damu kuonekana kwenye kanula, mrija mwembamba wa plastiki unaobaki mshipani, hayapewi uzito huo: kuishikiza, kuitazama, na kuitoa kwa wakati. Ilhali njia ya mshipani kwa mtoto huharibika zaidi katika saa na siku zinazofuata kuliko katika dakika ile ya kuchoma.

Hoja ya makala haya ni moja. Kanula iliyo salama haitikisiki, na wakati huohuo inaonekana. Kwa watoto tumezoea kulitafuta la kwanza kwa kulipoteza la pili. Tunaongeza plasta, tunazungusha bandeji, tunafunga mpaka karibu na kiwiko, na mwisho hakuna anayejua kinachotokea chini ya mzigo huo. Madhara mengi yanayoweza kuzuilika yamejificha hapo.

Milimita 19

Kanula ya njano, inayotumika sana kwa watoto wadogo, ina kipenyo cha nje cha takribani milimita 0.7 na urefu wa milimita 19. Sehemu ya urefu huo huishia kwenye ngozi na mafuta kabla haijaufikia mshipa. Kwa mtoto mnene wa miezi tisa, plastiki inayobaki ndani ya mshipa wenyewe inaweza kuwa milimita chache tu. Mtoto huyo hajui kwamba anatakiwa kutulia. Anapiga mateke, anatia mkono mdomoni, ananyonyeshwa upande huu na kugeuzwa upande ule, anabebwa mgongoni na khanga inakwaruza plasta.

Kila mvuto wa nje hufika kwenye ncha. Ncha inayocheza hukwaruza ukuta wa mshipa mpaka unawaka na kuvimba, na tundu la kuingilia hulegea kama shimo la kigingi kinachovutwa na mbuzi mchana kutwa. Hapo maji huanza kutoka kando, na vijidudu vya ngozini hupata mlango wa kuingilia.

Hadi katikati ya karne iliyopita hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kilichobaki mshipani kilikuwa sindano ya chuma. Mwaka 1950 David Massa wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza kifaa kilichobadilisha mambo: mrija wa plastiki uliovishwa juu ya sindano, sindano ikichomolewa mrija unabaki. Kanula zote za leo ni wajukuu wa kifaa hicho. Plastiki iliondoa hatari ya chuma kutoboa mshipa kila mgonjwa alipojigeuza, ila haikuondoa mtikisiko. Kuuzuia bado ni kazi ya mikono ya anayeshikiza.

Ndiyo maana kushikiza huanza kwa kuchagua mahali. Kanula iliyo juu ya kifundo cha mkono au kwenye kiwiko hukunjika kila kiungo kinapokunjika, hata ikifungwa kwa plasta nzuri kiasi gani. Mgongo wa kiganja na sehemu ya mkono kati ya kifundo na kiwiko ni salama zaidi. Mguu unamfaa ambaye hajaanza kutembea. Kichwani, kwa mtoto mchanga, pana faida ya kutokuwa na kiungo, lakini wazazi wengi wanapaogopa, kwa sababu dripu ya kichwani wameiona kwa watoto waliokuwa hoi na wengine hawakupona. Hofu hiyo haiondoki kwa amri. Mama akielezwa kabla ya nywele kunyolewa kwamba mshipa wa kichwani unaonekana vizuri na haukunjwi, mara nyingi hukubali. Akikuta tayari mtoto kanyolewa, imani imekwisha kupotea.

Inavyoharibika

Kanula huharibika kwa njia tano. Inatoka yenyewe au inavutwa. Inaziba kwa damu iliyoganda. Inapita nje ya mshipa, maji yakajaa kwenye nyama. Inaukera mshipa mpaka unakuwa mgumu na wenye maumivu. Ya tano ni kuingiza vijidudu kwenye damu. Njia mbili za kwanza hugharimu muda, vifaa, dozi iliyochelewa na mtoto kuchomwa upya. Tatu zinazobaki zinaweza kugharimu mkono au maisha.

Dawa ikivuja kwenye nyama, uzito wa madhara hutegemea dawa gani. Maji ya chumvi ya kawaida huleta uvimbe unaoshuka. Sukari kali ya asilimia 50, kalsiamu na potasiamu huweza kuiua ngozi na kuacha kidonda kinachohitaji kupandikizwa. Hilo ni jambo zito kwa mkoa wa malaria, kwa sababu sukari kushuka ni mwenzi wa malaria kali. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto apewe sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Palipo na chupa za asilimia 50 peke yake, inabidi izimuliwe kwanza, na anayeharakisha hatua hiyo anasukuma dawa kali kwenye mshipa mwembamba ambao huenda umeshaanza kuvuja.

Kuhusu vijidudu, ushahidi wa nguvu uko hapahapa Afrika Mashariki. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walifuatilia watoto zaidi ya 33,000 waliolazwa kati ya 2002 na 2009. Waliopata maambukizi ya damu wakiwa tayari hospitalini walikuwa takribani 6 katika kila 1,000. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka uangalie vifo: kati ya watoto hao walifariki asilimia 53. Kwa waliokuja na maambukizi ya damu kutoka nyumbani vifo vilikuwa asilimia 24, na kwa wasio nayo asilimia 6. Watoto wenye utapiamlo mkali na walioongezewa damu walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Si maambukizi yote hayo yaliyopitia kwenye kanula, lakini kanula ni mlango ambao sisi wenyewe tumeufungua, kwa hiyo ulinzi wake ni juu yetu.

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha jinsi vijidudu hivi vilivyo wakali. Watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wale wa malaria, na usugu wa vijidudu kwa dawa ulichangia. Mtoto aliyekuja kutibiwa malaria akaondoka na bakteria sugu amebadilishiwa ugonjwa, akapewa ulio mbaya zaidi.

Plasta, boksi na kipande cha glavu

Tazama trei ya wodi ya watoto katika hospitali nyingi za mikoani. Pana kanula, pamba, chupa ya spiriti, gurudumu la plasta, na kipande cha boksi la glavu kilichokatwa kwa mkasi. Nesi anafunga glavu juu ya kifundo ili mshipa ujae, anapapasa, anapaka spiriti, anachoma. Damu ikionekana, mwenzake anampokeza vipande vya plasta vilivyokwisha kubandikwa ukingoni mwa meza, au nguo ya mtu, au chuma cha kitanda. Boksi linawekwa chini ya kiganja liwe banzi, kisha plasta inazungushwa mara nne au tano juu ya kila kitu: kanula, vidole, boksi. Bandeji inamalizia. Kwa nje unaona kazi safi.

Katika picha hiyo kuna ustadi wa kweli na kuna hatari zisizo za lazima. Ustadi ni banzi. Boksi lililokatwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto, likavishwa gozi ili lisikwaruze, linafanya kazi nzuri ya kukituliza kiungo, na halipaswi kudharauliwa kwa kuwa limetoka kwenye takataka za wodi. Sharti ni liwe la mtoto mmoja na litupwe likilowa, na vidole vibaki katika mkunjo wao wa kawaida. Kuvinyoosha kwa nguvu ni kumtesa.

Hatari ya kwanza ni plasta iliyobandikwa kitandani kabla ya kubandikwa kwenye tundu la mshipa. Gundi hubeba kila ilichokigusa. Plasta ya kawaida haina usafi wa kutosha kukaa juu ya tundu lenyewe. Pale panastahili gozi safi ya pakiti au bandiko linalopitisha mwanga, na plasta ifanye kazi ya kushika pembeni.

Hatari ya pili ni mkanda unaozunguka mkono mzima. Mkono wa mtoto ukivimba ndani ya duara la plasta, duara halipanuki, damu inashindwa kupita na vidole vinaanza kufa. Mbaya kuliko yote ni ile glavu ya kufungia kusahaulika chini ya bandeji. Jambo hilo limeripotiwa katika nchi tajiri na maskini, na watoto wamepoteza vidole. Hutokea pale mkono unapofunikwa kwa haraka na hakuna anayeuona tena.

Ya tatu ni gundi isiyoshika. Ngozi iliyolowa spiriti au jasho la homa haikamati plasta, na joto la Tabora la mwezi Oktoba linajulikana. Spiriti ikiachwa ikauke, sekunde zile zinafanya mambo mawili: zinaua vijidudu na zinaandaa mahali pa gundi. Anayefunga kabla ya kukauka atalazimika kuongeza plasta baadaye, na kila plasta inayoongezwa inaziba tundu lisionekane.

Namna bora haihitaji vifaa vigeni. Kipande chembamba cha plasta kinapitishwa chini ya mabawa ya kanula, gundi ikitazama juu, kisha ncha zake zinapishanishwa na kubandikwa kila upande. Juu ya tundu linawekwa bandiko la kupitisha mwanga, au gozi ndogo inayofunuliwa kwa urahisi. Mrija wa dripu unakunjwa kitanzi na kushikizwa kwa plasta yake pembeni, ili mtoto akiuvuta, mvuto uishie kwenye kitanzi usifike kwenye ncha. Banzi linafungwa juu na chini ya kanula, kamwe si juu yake. Ncha za vidole zinaachwa wazi. Tarehe na saa vinaandikwa kwenye plasta. Ukimaliza, simama ujiulize: nikija hapa saa nane usiku na tochi, nitaona ngozi iliyo juu ya ncha ya kanula? Jibu likiwa hapana, funga upya.

Mtoto mwenye utapiamlo anahitaji uangalifu wa peke yake. Ngozi yake iliyovimba huchunika pamoja na plasta. Kwake plasta iwe kidogo, bandeji laini ishike banzi, na wakati wa kutoa gundi ilainishwe kwa maji au mafuta, ikunjuliwe taratibu sambamba na ngozi badala ya kunyofolewa.

Vifaa bora vinasaidia kiasi gani

Wako wanaoamini kwamba tatizo lote ni umaskini: tungekuwa na mabandiko ya kisasa, kanula zingekaa. Ushahidi unaunga mkono imani hiyo kwa sehemu tu. Utafiti mkubwa wa Queensland, Australia, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha njia nne za kushikiza kanula kwa wagonjwa watu wazima, ikiwemo gundi maalumu ya ngozi na mabandiko yenye kingo imara. Kwa njia zote nne, kanula zilizoharibika kabla ya wakati zilikuwa kati ya asilimia 38 na 43, na hakuna njia iliyojitenga wazi na nyingine. Hizo ni hospitali zenye kila kitu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Mei 2024 kuhusu kanula za mishipa ya nje nayo inakiri kwamba mapendekezo yake mengi yamesimama juu ya ushahidi hafifu.

Lakini tusivuke mpaka tukasema vifaa havina maana. Bandiko la kupitisha mwanga lina faida moja ambayo plasta nyeupe haiwezi kuwa nayo: linakuachia macho. Kwa sababu hiyo pekee lingestahili kuwa kwenye orodha ya manunuzi ya kila wodi ya watoto. Hesabu ya bei nayo hufanywa nusu. Bandiko huonekana ghali likiwekwa kando ya kipande cha plasta. Liweke kando ya kanula ya pili na ya tatu, glavu mpya, spiriti, dakika ishirini za manesi wawili na dozi ya dawa iliyochelewa, utaona kwamba plasta ya bei rahisi imetula zaidi. Mzigo huo pia huishia kwa mzazi, pale anapotumwa duka la dawa lililo nje ya geti kununua kanula nyingine, ilhali sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure.

Je, mtoto anaihitaji?

Kanula iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika, au iliyotolewa siku ileile kazi yake ilipokwisha. Hapa sayansi ya Afrika Mashariki imetupa zawadi mbili ambazo wodi nyingi hazijazitumia mpaka mwisho.

Ya kwanza ni artesuneti, dawa ya malaria kali. Zama za kwinini, mtoto mwenye malaria kali alitundikiwa dripu ya saa nne, ikarudiwa kila baada ya saa nane. Karibu nusu ya siku mkono wake ulikuwa umefungwa kwenye mrija. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Wengi tunakumbuka takwimu hiyo ya vifo. Faida ya pili imezungumzwa kidogo: artesuneti husukumwa kwa dakika chache, mwanzoni, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, na mshipa ukikosekana huchomwa kwenye nyama ya paja. Mrija wa saa kumi na mbili hauna kazi tena. Kumwacha mtoto huyo kwenye dripu kwa mazoea ni kuendeleza zama za kwinini bila kwinini.

Ya pili ni matokeo ya mwaka 2011 ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kilifi kule Kenya, Muheza hapa Tanzania, na hospitali nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini waligawanywa: wengine wakamiminiwa maji mengi kwa haraka, wengine hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa walifariki kwa asilimia 10.5 hivi, na wasiomiminiwa asilimia 7.3. Watoto wenye kuharisha na kuishiwa maji hawakuwa sehemu ya utafiti huo, nao wana matibabu yao. Hata hivyo funzo limebaki: chupa iliyotundikwa juu ya kitanda haimaanishi kwamba mtoto anatibiwa vizuri zaidi.

Yapo na mengine. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto mwenye nimonia inayovuta kifua, asiye na dalili za hatari, apewe amoksisilini ya kunywa. Anayeharisha bila mshtuko hunyweshwa maji ya chumvichumvi, au huwekewa mrija wa puani. Mwenye utapiamlo mkali hulishwa kwa mdomo au mrija huo. Dripu yake ni ya mshtuko peke yake. Kila asubuhi, katika mzunguko wa wodi, swali liulizwe kwa sauti kitanda kwa kitanda: kanula hii bado ina kazi gani leo? Isiyo na jibu itolewe kabla ya chai. Kuiacha "kwa tahadhari" ni kuacha mlango wazi kwa tahadhari.

Kuna wanaoishi na swali hili maisha yao yote. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mtoto wa selimundu atarudi hospitalini tena na tena, na mishipa yake ni hazina isiyoongezeka. Kila kanula iliyoharibika mapema inamnyima mshipa ambao ataulilia akiwa na miaka kumi.

Macho ya nani

Kanula yenye dripu inayotembea inapaswa kutazamwa kila saa, na ile iliyofungwa itazamwe kila zamu na kabla ya kila dozi. Usiku, msimu wa mvua, watoto wamejaa na wengine wawili wawili kitandani, nesi mmoja hawezi. Kudai aweze ni kumtwisha lawama asiyostahili. Lakini kando ya kila mtoto yuko mtu mwingine ambaye hafumbi macho: mama, bibi au shangazi.

Tumemfanya mtu huyo mlinzi wa chupa. Anaambiwa aseme maji yakiisha. Hajaambiwa atazame mkono. Maelezo anayohitaji hayazidi dakika moja: "Mama, mkono ukivimba, mtoto akilia ukimgusa hapa, plasta ikilowa, au vidole vikiwa vya baridi, niite. Hata kama ni saa nane usiku, usingoje nipite." Na yasemwe kwa lugha anayoielewa. Wodi za Tabora hupokea kina mama wanaosema Kinyamwezi na Kisukuma nyumbani, na kutoka Ulyankulu hupokea familia zenye asili ya Burundi zinazozungumza Kirundi. Karibu kila wodi ina nesi, mhudumu au mzazi mwenzake anayeweza kutafsiri sentensi hizo.

Kizuizi kikubwa zaidi ya lugha ni karipio. Mama anayekwenda kusema mkono umevimba akaulizwa kwa ukali kwa nini amemwacha mtoto auvute, kesho hatasema. Uvimbe utakaa mpaka dozi inayofuata, na dawa itasukumwa kwenye nyama. Kwa hiyo upole wa nesi hapa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Jicho lenyewe pia linahitaji kufundishwa upya. Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, na dalili ya kwanza vinayotaja ni wekundu. Kwenye ngozi ya mtoto wa Kinyamwezi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tazama kung'aa kwa ngozi iliyovutika, linganisha unene wa mkono huu na ule, gusa kwa mgongo wa kidole utafute joto au ubaridi, papasa mshipa kama umekuwa mgumu, na msikilize mtoto unapopapasa. Kabla ya kila dozi sukuma maji ya chumvi kidogo ukiwa umeweka kidole karibu na ncha. Maji yakiingia nje ya mshipa, kidole kitahisi uvimbe kabla ya macho.

Njiani, na kwenye mishipa mikubwa

Tabora imekuwa njia panda tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipokutana hapa na ile ya kaskazini na kusini, na reli ya kati ilipofika mwaka 1912 ikathibitisha nafasi hiyo. Leo wanaopita ni wagonjwa wa rufaa. Urambo iko takribani kilometa 90 magharibi, Kaliua mbele yake, Nkinga na Ndala zina hospitali zao upande wa Igunga na Nzega. Mtoto mwenye hali mbaya zaidi huendelea mpaka hospitali ya Bugando kule Mwanza, au Dodoma, au Muhimbili.

Safari ndiyo mtihani mkali kuliko wote wa kanula. Gari linaruka, mtoto yuko mapajani, chupa imeshikwa juu na ndugu. Kabla ya kuondoka, kanula ipimwe kwa maji ya chumvi. Kama dripu haihitajiki njiani, ifungwe na mrija uondolewe, maana kusiko na mrija hakuna cha kuvutwa. Mtoto aliye mahututi ni vema awe na kanula mbili. Barua ya rufaa iseme kanula iliwekwa lini, wapi, na dawa gani imepita. Kanula iliyochomwa kwa dharura, bila usafi wa kutosha, ibadilishwe mara mtoto anapotulia huko alikofika.

Huko mbele baadhi ya watoto hukutana na katheta za mishipa mikuu, kwenye shingo au chini ya mtulinga: wa saratani, wa figo, wa upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mvuto mdogo hapo huweza kuleta damu nyingi, hewa kuingia mshipani, au maambukizi yanayofika kwenye moyo. Katheta hizi hushonwa kwenye ngozi au kushikizwa kwa vibanio maalumu, na mrija wa kitovu wa mtoto mchanga hushikizwa kwa daraja la plasta juu ya tumbo. Kanuni haibadiliki: isitikisike, ionekane, itolewe mapema. Jimbo la Michigan, Marekani, lilionyesha mwaka 2006 kwamba hatua chache zinazorudiwa bila kuruka, kuanzia kunawa mikono hadi kuondoa katheta isiyo na kazi, zilipunguza maambukizi ya katheta za wagonjwa mahututi kwa hadi asilimia 66. Hakukuwa na mtambo mpya. Kulikuwa na orodha, na nesi aliyepewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua.

Pa kuanzia

Hospitali ya mkoa haihitaji kusubiri mradi wa wafadhili. Inaweza kuanza na daftari moja wodini lenye safu tano: tarehe ya kuweka, mahali, aliyeweka, tarehe ya kutoa, na sababu ya kutoa. Baada ya mwezi, daftari litaonyesha ni kanula ngapi zilitolewa kwa kuwa kazi imekwisha, na ngapi kwa kuwa zimevimba, zimeziba au zimetoka. Bila hesabu hiyo kila mtu anabaki na maoni. Ikiwepo, muuguzi kiongozi ana hoja ya kumpelekea mfamasia na mganga mfawidhi kuhusu mabandiko, na mwalimu wa chuo ana mada ya kufundisha.

Makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani, kila kanula ikifunuliwa na kutazamwa na nesi anayetoka pamoja na anayeingia. Daktari aandike kwenye faili siku ya kuhamia dawa ya kunywa, asiache uamuzi huo uelee. Mzazi aelezwe, ashukuriwe anapoita. Vipande vya plasta vikatwe kwa mkasi safi na kuwekwa kwenye trei safi. Bandeji zinazoficha ziondolewe kabisa kwenye mazoea ya wodi ya watoto.

Haya yote yanawezekana Kitete, Nkinga na katika kituo cha afya cha mwisho wa wilaya, kwa sababu mengi yake yanadai nidhamu kuliko fedha. Fedha nazo zinadaiwa, na Wizara ya Afya pamoja na Bohari ya Dawa wanapaswa kuhesabu bandiko la kupitisha mwanga kuwa sehemu ya kanula ya mtoto, kama kofia yake na sindano yake zilivyo. Mtoto anayelazwa Tabora ana vita vya kutosha na malaria. Maambukizi na vidonda vinavyotokana na mikono yetu wenyewe ni mzigo tunaoweza kumtua, na kazi hiyo ianze kwenye zamu ya leo, kwa kila nesi kufunua kila bandeji na kutazama kilicho chini yake.